Kanzu ya Pili

Niliporudi kutoka Sitara, watu wa kwetu Tanga waliniuliza swali moja tu: huko wanakula nini? Nitawajibu, msiwe na haraka. Acheni kwanza niwaeleze wanavyoishi. Nimekaa kule siku tano, na kwa siku tano hizo nimekasirika kuliko nilivyokasirika mwaka mzima, na bado siku ya kuondoka nilitokwa na machozi, mtu mzima mimi.

Kazi yangu ni ufundi wa programu. Nasoma maelekezo ambayo wengine wameiandikia mitambo yao, natafuta walipokosea, narekebisha, nakwenda zangu. Si kazi ya kujisifia. Inafanana na kufua nguo za watu, unajua mengi ambayo hukuyauliza. Basi Bi Mishi Tunda, msimamizi wa mtambo wa maji wa mji mkuu wa Sitara, aliponiandikia kwamba programu ya maji ina kasoro na nchi nzima hakuna mtu anayeweza kuisoma, nilicheka. Nilidhani ni unyenyekevu wa barua. Nikafika Jumapili asubuhi, nikakuta ni kweli tupu.

Sitara ni nchi ya mitambo. Taa za barabarani, mashine za mikate, milango ya maktaba, vyote vinaendeshwa kwa programu, na programu zote, bila kubakiza hata moja, zimeandikwa kwa Herufi za Heshima. Hizo ni alama zinazofanana na nyayo za kuku aliyepita kwenye majivu. Msidhani hawajui herufi hizi zetu. Magazeti yao, barua zao za mapenzi na matangazo yao ya misiba yameandikwa kama tunavyoandika sisi. Lakini programu, wanasema, haikai uchi. Mwandishi anaiandika kwa herufi za kawaida, amejificha nyuma ya pazia, kisha juu kabisa anaweka maneno mawili: vaa kanzu.

Kanzu ni programu ndogo ya zamani. Ukishaiita, inashuka mstari kwa mstari, inageuza kila herufi kuwa unyayo wa kuku, na ile nakala ya mwanzo inafutika. Mtambo haupati tabu, kwa sababu Kanzu yenyewe inausomea kimyakimya. Mtu ndiye haelewi tena, hata yule aliyeandika dakika tano zilizopita na wino wa mawazo haujamkauka kichwani.

Nikamuuliza Bi Mishi, hiyo Kanzu yenyewe imeandikwaje, tuifungue tuone inavyogeuza. Akanitazama kwa huruma.

"Nayo imevaa kanzu, fundi."

Hapo ndipo nilipokasirika mara ya kwanza.

Sheria zao ni chache na wanazijua wote. Kusoma programu ni sawa na kumvua mtu nguo hadharani, na ukifanya unalala ndani. Programu haikosei. Ikionekana imekosea, basi watu ndio hawajaielewa, na wakishindwa kuielewa kwa miaka miwili, kosa lile linaandikwa kwenye Daftari la Mila na linakuwa desturi. Bi Mishi alinieleza haya tukitembea, hana hasira wala aibu, kama mtu anavyokueleza njia ya kwenda posta.

Sasa hapo sokoni nikapata jibu la swali lenu. Mashine yao ya maandazi ilitakiwa itoe maandazi kumi na mawili kwa kila mkaango. Aliyeiandika, Mungu amrehemu, alihesabu vibaya, na inatoa kumi na matatu. Kwetu ningeitwa asubuhi ile ile. Wao walikaa wakafikiri miaka miwili, wakaamua kwamba la kumi na tatu ni la mgeni. Kila mgeni akipita anapewa andazi la moto mkononi, na wakikosa mgeni wanatoka barabarani kumtafuta. Siku hiyo mgeni mjini nilikuwa mimi peke yangu. Nilikula maandazi tisa kabla ya saa nne, na sikuwa na nguvu ya kuwakasirikia mpaka mchana.

Mchana Bi Mishi akanipandisha Mlimani. Ni mtaa wa kaya mia tatu, juu ya mji, na yeye alizaliwa huko. Kuna tangi kubwa la saruji ambalo pampu inalijaza kutoka mtoni, na mabomba yote ya mtaa yanakunywa humo. Kila Alhamisi saa sita mchana lango la chini la tangi linafunguka ili tope na uchafu vitoke. Ni jambo la maana, hata mimi ningeliweka. Tabu ni kwamba lango halifungi. Maji yote yanakwenda bondeni, tangi linabaki kavu tangu Alhamisi mchana na Ijumaa yote, hadi Jumamosi alfajiri programu inapoanza wiki upya, inafunga lango, na maji yanarudi. Hivyo kwa miaka arobaini.

Nao bila shaka wameifanya mila. Inaitwa Ijumaa Kavu. Siku hiyo Mlimani hawapiki chakula cha kuosha vyombo vingi, wanakula ndizi za kuchoma kwenye majani, na wana nyimbo zake. Nilimuuliza Bi Mishi kama nyimbo ni nzuri. Akasema nzuri sana, lakini yeye anamkumbuka zaidi mama yake, Mwanatumu, ambaye kila Ijumaa tangu alfajiri alikuwa akishuka mtoni na ndoo na kuwapandishia maji wazee, wajawazito na wagonjwa. Alifanya hivyo mpaka alipofariki miaka sita iliyopita. Hakuwahi kusema kwa nini. Watu walimwona mcha Mungu.

Ila mwaka jana moto ulizuka Mlimani siku ya Ijumaa. Nyumba nne ziliungua na hakukuwa na tone la kuzima. Hakuna aliyekufa, ila Baraza la nchi lilishtuka, likakaa, na likafikia uamuzi ambao Sitara peke yake ungeweza kufikiwa: kwamba programu ya maji haitaki watu waishi Mlimani, na imekuwa ikisema hivyo kwa adabu miaka arobaini. Jumatano ya wiki hiyo wangepiga kura. Ikipita, kaya zote mia tatu zingehamishiwa uwandani, na mtaa ungefungwa.

"Ile yenye mlango wa kijani ni ya mama," Bi Mishi akaniambia. "Na kaburi lake liko nyuma ya msikiti. Nitaenda uwandani nikafanye nini mimi, fundi?"

Tukashuka mtamboni. Aliniwekea programu ya maji mezani, kurasa tatu za nyayo za kuku, nikaitumbulia macho hadi yakauma. Nilijua kilichokosekana: mstari mmoja wa kufunga lango. Lakini huwezi kuchomeka mstari mahali usipopaona. Kuifumbua herufi kwa herufi ningeweza, nikipewa wiki mbili na ruhusa. Tulikuwa na siku mbili na sheria.

Jumatatu nikaenda kuomba ruhusa kwa Waziri wa Heshima ya Programu, Mheshimiwa Ngwali Sheha. Ofisi yake iko ghorofa ya nne. Lifti ya wizara, kwa kasoro iliyomo ndani ya kanzu yake, haisimami ghorofa ya nne. Kwa hiyo wote tunapanda hadi ya tano na kushuka kwa ngazi, na ngazi zile zimetandikwa zulia jekundu, na yuko mtumishi wa serikali ambaye kazi yake ni kukupa pole unaposhuka. Alinipa pole kwa moyo wote.

Mheshimiwa Ngwali nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ni mtu mpole, mnene kidogo, mwenye miwani ya kamba, na chai alinimiminia mwenyewe. Nikamweleza: mstari mmoja tu, Mheshimiwa, naisoma, nauongeza, nafunga. Akainama kama mtu aliyesikia tusi msibani na hataki kumwaibisha aliyetukana.

"Fundi," akasema, "mgeni akija kwako anakuta nguo zako za ndani zimeanikwa sebuleni?"

Nikasema hapana.

"Basi na sisi hivyo hivyo. Ukitaka kuiongezea programu heshima, mlango wangu uko wazi hata saa hii. Kuipunguzia, hapana, ndugu yangu. Ongeza sukari."

Nilitoka nimechemka kuliko ile chai. Kwenye ngazi yule mtumishi akanipa pole tena, na safari hii niliihitaji.

Jumanne Bi Mishi alikuwa na kikao cha wakazi wa Mlimani, nikabaki sina la kufanya, nikaingia Makumbusho ya Mwasisi ili nisikae chumbani nikijitukana. Mwasisi ni yule aliyebuni Kanzu. Sanamu yake iko ukumbini, mtu mrefu wa futi saba, ndevu hadi kifuani, kidole juu. Kwenye kabati la kioo wametundika kanzu zake mbili, ndefu kama tanga la jahazi, na chini yake maandishi yanasema Mwasisi alikuwa na kanzu mbili tu maisha yake yote, kwa kuwa hakupenda makuu. Ukutani, kwa dhahabu, umo mstari wa nyayo za kuku ambao ni nembo ya taifa. Upo kwenye stempu zao na kwenye mihuri yao, na maharusi wanapewa kwenye fremu siku ya ndoa.

Pale chini ya sanamu alikuwapo mzee mmoja mfupi, kipara, anafagia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kwa kuwa nilikuwa na hasira za siku mbili nikamuuliza kama anajua ile nembo inasemaje.

"Najua," akasema, ufagio unaendelea. "Inasema chai ya bosi, bila sukari."

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Aliegemeza ufagio kwenye mguu wa sanamu, akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akaniambia jina lake ni Hamdu Kirobo na kwamba yule mrefu mwenye ndevu ni yeye.

Alinisimulia bila kujivuna. Alikuwa kijana katika ofisi ya kwanza ya programu nchini, na bosi wao alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mtu, anasoma kila mstari na kuhema vitunguu shingoni. Hamdu, kwa kumkomoa, akatengeneza Kanzu. Ilikuwa utani wa siku mbili. Aliijaribu kwanza kwenye orodha ya chai ya ofisi. Alidhani bosi atazikuta nyayo za kuku, atashangaa, ofisi itacheka, mambo yataisha. Bosi akazitazama muda mrefu, akavua kofia, akasema hii sasa ndiyo kazi ya wasomi. Mchana ule ule akaamuru programu zote za ofisi zivishwe kabla ya jua kuchwa, na Hamdu, ambaye alikuwa bado anasubiri watu wacheke, akazivisha.

"Ya mwisho nikaivisha Kanzu yenyewe," akasema. "Hapo nilikuwa nimeshachoka kungoja. Baadaye nikapandishwa cheo. Na ukishapandishwa cheo kwa utani wako, baba, utaurudishaje?"

Mara tatu alijaribu kusema ukweli. Mara ya kwanza walimsifu kwa unyenyekevu. Mara ya pili walisema ni maneno yenye siri ndani yake. Mara ya tatu, miaka mingi baadaye, maafisa wapya hawakumjua uso, na sanamu ilikuwa imeshasimama, wakamweka ndani siku mbili kwa kumtusi Mwasisi. Alipotoka aliomba kazi ya kufagia hapa, ili angalau awe karibu na upuuzi wake.

Nilicheka hadi nikashika mbavu, kisha nikakumbuka Mlimani, kicheko kikakatika. Nikamuuliza, mzee wangu, hiyo Kanzu inavuliwaje?

"Haivuliwi. Unaivalisha tena." Akaniona sijaelewa. "Nilikuwa mvivu. Sikutaka kuandika programu mbili, moja ya kuvisha na moja ya kuvua. Nikaandika moja inayopindua. Herufi ikipita inatoka unyayo, unyayo ukipita unatoka herufi. Ipitishe mara ya pili, inarudi kama ilivyozaliwa."

Nikamuuliza inakuwaje kwa miaka arobaini hakuna aliyegundua. Akasema sasa nani, mwanangu, anayevaa kanzu juu ya kanzu? Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema amefagia pale miaka kumi na tisa na mimi ni mtu wa kwanza kumuuliza swali, wengine wote humuuliza choo kiko wapi.

Nilikimbia barabara nzima kumtafuta Bi Mishi. Nilipomweleza akaniomba nimrudie neno kwa neno yale ya Waziri, yale ya kuongeza na kupunguza. Nikamrudia. Akaanza kutabasamu polepole, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu.

Jumatano Baraza likakaa. Ukumbi ulijaa watu wa Mlimani, na nyuma kabisa, mlangoni, alisimama mzee Hamdu na ufagio wake, kama mtumishi yeyote wa umma. Kabla ya kura, Bi Mishi akaomba kusema. Alisema watu wa Mlimani hawapingi. Kama programu ya maji imewakataa, wataondoka. Wanaomba jambo moja tu la kuagana nayo: kwa kuwa imewatumikia miaka arobaini, wanaomba iongezewe heshima. Wanaomba ivishwe kanzu ya pili.

Ukumbi ulinong'ona. Mheshimiwa Ngwali akafuta miwani, na nikaona amependa. Ila Sitara hakuna jambo linalopita bila mjadala. Mjumbe mmoja mwembamba alisimama akasema kuvisha ya pili ni kuonyesha kwamba ya kwanza haikutosha, na hilo ni tusi kwa Mwasisi. Mwingine akamjibu kwamba bibi yake aliolewa amevaa baibui mbili na hakuna aliyetukanwa. Wakabishana kuhusu joto, mtambo usije ukapata joto ukizidishiwa nguo. Akaitwa mganga mkuu kutoa maoni ya kitaalamu. Akayatoa, hakuna aliyeyaelewa, na yakaandikwa.

Halafu akainuka mjumbe mmoja wa mwambao wa kusini, mtu wa sauti kubwa na moyo mwema, akasema kama ni heshima basi tusiwe wachoyo: yeye anapendekeza kanzu tatu.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mbili zingeifunua, ya tatu ingeirudishia nyayo za kuku, na kesho yake Mlimani ingekauka kama kawaida. Makofi yakazidi. Mjumbe wa pembeni akasema kwa nini isiwe nne, nikapumua, mwingine akasema tano, pumzi ikanikata tena. Nilimtazama Bi Mishi. Alikuwa ameshasimama.

"Waheshimiwa," akasema, wala hakupaza sauti. "Mwasisi mwenyewe alikuwa na kanzu ngapi?"

Kila mtu aliyesoma shule Sitara amepelekwa makumbusho. Mheshimiwa Ngwali akasimama, na akasema kwa uzito kwamba Mwasisi alikuwa na kanzu mbili tu, kwa kuwa hakupenda makuu, na kuivisha programu zaidi ya Mwasisi ni majivuno. Ikapigwa kura, ikapita, na ikaandikwa kuwa sheria: programu yoyote inaweza kuvishwa kanzu mbili, na kamwe isivishwe ya tatu. Kule mlangoni mzee Hamdu alikuwa ameziba uso kwa kiganja, mabega yanatikisika.

Programu ikamulikwa kwenye ukuta mkubwa ili wote waishuhudie heshima yake. Bi Mishi akaandika yale maneno mawili juu kabisa. Nyayo za kuku zikaanza kuyeyuka kutoka mstari wa kwanza kushuka chini, na mahali pake zikaja herufi, hizi hizi za magazeti na barua za mapenzi. Hakuna aliyefumba macho, maana hakuna aliyepata muda. Watu mia nne walikuwa wameshasoma kabla hawajajua kwamba wanasoma.

Ilikuwa fupi na safi, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Jumamosi, alfajiri: funga lango, washa pampu, jaza tangi. Jumapili: pima maji. Siku zikafuatana hivyo hadi Alhamisi, saa sita mchana: fungua lango, uchafu utoke. Na baada ya hapo palikuwa na maneno ya pembeni, yale ambayo sisi mafundi tunajiandikia wenyewe na mtambo unayaruka. Mheshimiwa Ngwali, kwa mazoea ya kiti chake, alikuwa anasoma kwa sauti, na aliyasoma nayo:

"Hapa nimebakiza mstari wa kufunga lango. Mishi analia, ana njaa. Namnyonyesha kwanza, nikirudi namalizia. Mwanatumu."

Chini yake hapakuwa na kitu.

Mheshimiwa Ngwali alivua miwani. Kutoka mlangoni tukasikia ufagio unaanguka, na mzee Hamdu akaja katikati ya ukumbi kwa hatua fupifupi, akasimama mbele ya Bi Mishi. Waziri akamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye yule mrefu mwenye ndevu," akasema, na hakuna aliyecheka. Kisha akamgeukia Bi Mishi. "Alikuja kazini na wewe mgongoni, mama. Alipokuwa chumba cha pili anakunyonyesha, ndipo mimi nilipoivisha programu yake. Aliporudi nilikuwa nimeshamaliza zote. Akaniambia, Hamdu, ilibaki mstari mmoja. Nikamwambia usijali, watacheka wiki hii, Jumatatu tutazivua. Nisamehe."

Bi Mishi alikuwa analia, lakini si kwa kelele. Alisema sasa anaelewa zile ndoo. Mama yake alijua tangu siku ya kwanza kwa nini tangi linakauka, na kwa kuwa alikatazwa kuumaliza mstari ule kwa mkono, aliumaliza kwa miguu, kila Ijumaa, miaka thelathini na nne, kupanda na kushuka. Mjumbe mmoja akauliza kwa upole kwa nini marehemu hakumwambia hata mwanawe.

"Angeniambia nini?" Bi Mishi akasema. "Kwamba mji unakauka kwa ajili ya njaa yangu?"

Wanawake wa Mlimani wakaanza kulia, wakafuata wanaume, na yule mjumbe wa kanzu tatu alilia kuwashinda wote. Hoja ya kuufunga mtaa ikaondolewa na mwenyewe aliyeileta. Wakabaki na tabu moja tu, ya kisheria, nao tabu za kisheria wanazipenda. Programu ilikuwa uchi mbele ya taifa na ilipaswa kusitiriwa. Lakini ilikuwa tayari imevaa kanzu mbili, na sheria ya asubuhi ile ile ilikataza ya tatu. Mheshimiwa Ngwali alilipima jambo hilo huku anajipangusa macho. Akatoa uamuzi kwamba programu ile kwa sasa ndiyo iliyositirika kuliko zote nchini, kwamba kuongeza mstari ni kuongeza na wala si kupunguza, na kwamba wizara nyingine zikitaka kuzipa programu zao heshima kama hii, ofisi yake iko wazi, lifti wapande hadi ya tano. Kisha akamwomba mzee Hamdu aje wakanywe chai. Nilisikia mzee anamwambia yake iwe na sukari.

Alhamisi nilikuwa Mlimani. Saa sita lango likafunguka, tope likatoka. Watu walisimama kwenye mabomba yao na ndoo tupu, kwa mazoea ya miaka arobaini, na wengine walikuwa wameshaanza wimbo wa Ijumaa Kavu kwa sauti ya chini, kwa wasiwasi. Baada ya nusu saa tukasikia kishindo cha chuma kule chini ya tangi. Saa tisa kamili bomba la mlango wa kijani lilikohoa mara mbili, likatoa maji. Hakuna aliyeshangilia. Bibi mmoja alinawa uso, akanawa tena, akakaa chini palepale kwenye tope.

Nilikwenda kuagana na Bi Mishi kwenye chumba cha mtambo. Nilitaka kuukagua mstari alioweka, ni tabia ya kazi, huwezi kuondoka bila kukagua. Akasogea nione. Hakuwa amefuta kitu. Maneno ya mama yake yalikuwa palepale, na chini yake mstari uliokosekana, mfupi, sahihi: saa sita na nusu, funga lango. Na chini ya huo, pembeni, pale ambapo mtambo unaruka, alikuwa amemjibu.

"Nimeshiba, mama. Nimekumalizia. Sasa pumzika. Mishi."